Nebraska ina ng'ombe mara tatu ya watu, mbona haina chuo chake cha madaktari wa mifugo?

Lori la Mchana (mleta mada)

Wakuu habari za muda. Nipo Nebraska mwaka wa tisa sasa, kazi yangu kubeba ng'ombe kutoka mashamba ya kunenepeshea kwenda machinjioni. Jimbo lina watu wanaokaribia milioni 2 na ng'ombe kama milioni 6. Usiku ukiwa barabarani, harufu ya ng'ombe inakupokea kabla hujaona taa za mji.

Binti yangu anasoma chuo, na ameamua anataka kuwa daktari wa mifugo. Nikafurahi, nikajua kazi ipo mlangoni. Kumbe jimbo zima halina chuo kamili kinachotoa shahada hiyo! Kuna mpango tu: unasoma miaka miwili Lincoln, halafu miwili ya mwisho unahamia Ames, Iowa, na serikali ya Nebraska inawalipa Iowa pesa za ruzuku. Nafasi ni 25 kwa mwaka. Basi.

Sasa nauliza: jimbo linaloishi kwa nyama linakosaje chuo cha kutibu hao wanyama? Ni ubahili wa bunge, ni siasa, au mimi ndiye sijui hesabu? Wajuzi karibuni.

Kupe Mmoja

Ng'ombe hawapigi kura. Uzi ufungwe.

Bwana Hesabu

Kupe acha utani, swali ni zuri.

Mkuu Lori, chuo cha udaktari wa mifugo ni miongoni mwa vyuo ghali kuliko vyote kuviendesha, na sababu kubwa ni hospitali. Angalia chuo cha udaktari wa binadamu: wagonjwa wanakuja na bima, na serikali ya shirikisho kupitia Medicare, bima yake ya wazee, inalipa hospitali kwa kuwafundisha madaktari wapya. Chuo kinaweza hata kutumia hospitali ya watu wengine. Huku kwa wanyama hakuna Medicare ya ng'ombe. Chuo chenyewe ndicho kinajenga hospitali, kinanunua meza ya upasuaji inayobeba farasi wa nusu tani, kinajenga chumba chenye kuta za magodoro ili farasi akizinduka asijivunje miguu, kinaajiri watu wa zamu ya usiku.

Halafu mwenye mnyama analipa mfukoni. Na kwa ng'ombe kuna ukomo: bili ikizidi bei ya ng'ombe, mwenyewe anampakia kwenye gari anampeleka mnadani. Huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo ada ya mwanafunzi haifiki hata karibu na gharama ya kumsomesha. Pengo linazibwa na bunge la jimbo. Sasa wewe ni mbunge wa Nebraska, unahitaji madaktari 25 kwa mwaka. Utajenga hospitali nzima na kuilisha kila mwaka, au utanunua viti 25 kwa jirani ambaye hospitali anayo tayari?

Nyota ya Ames

Nyongeza kidogo. Mpango huo na Iowa State, chuo cha pale Ames, ni wa 2007. Kabla ya hapo Nebraska ilikuwa inanunua viti Kansas State. Kwa hiyo mleta mada usidhani ni jambo la dharura, hawa wamekuwa wapangaji muda mrefu, wamebadilisha tu mwenye nyumba.

Na Iowa State siyo mtoto katika kazi hii. Ilianza 1879, ndiyo shule ya umma ya mifugo kongwe kuliko zote Marekani. Binti akipata moja ya hizo 25 analipa kama mkazi wa jimbo, hilo peke yake ni kubwa sana. Mwambie asilale kwenye hesabu na kemia.

Mama Wawili

Kaka Lori, pole na hongera. Sisi tupo Kentucky, jimbo la farasi, kila mtu anajua mbio zake za Mei. Nalo halina chuo cha udaktari wa mifugo. Linalipia viti 38 kwa mwaka Auburn kule Alabama, na 2 Tuskegee. Mkataba wa Auburn una umri mkubwa kuliko mimi, ni wa 1951.

Mwanangu mkubwa alikosa kiti kati ya hivyo 40. Hakuanguka, alikosa tu, waombaji ni wengi. Akapata nafasi chuo cha umma cha jimbo jingine (jina naliacha), akaingia kama mgeni wa nje ya jimbo. Darasa moja, mwalimu mmoja, ng'ombe yule yule wa mazoezi, lakini ada yake karibu maradufu ya jirani yake wa kiti. Alimaliza. Leo anatibu mbwa na paka mjini. Watu wa kijijini kwetu wanamlaumu kuwa amekimbia ng'ombe. Nawauliza, kwa deni lile, angekaa na ng'ombe alipe lini?

Pilipili Manga

Mama Wawili umegusa penyewe. Wanaosema "jimbo linafadhili chuo cha umma" wanasahau kwamba ufadhili huo umekuwa ukipungua kama sehemu ya bajeti ya vyuo, hasa baada ya mdororo wa 2008. Bunge likikata, chuo kinafanya nini? Kinaongeza viti vya wageni wanaolipa ada kubwa. Yaani mwanao ndiye aliyeziba pengo la bajeti la jimbo lisilo lake.

Halafu wabunge hao hao wanasimama kulalamika kwamba vijijini hakuna madaktari.

Daktari Kwato

Nafanya kazi hii mwaka wa kumi na kidogo, nusu ng'ombe nusu mbwa. Pilipili una hoja lakini deni siyo sababu pekee. Nina wenzangu waliomaliza bila deni la maana na bado wakaenda kwenye paka. Ng'ombe anataka uamke saa nane usiku Januari, uingize mkono hadi begani kwa mnyama asiyekutaka, peke yako, na asubuhi ufungue zahanati. Mke au mume naye anataka kazi, na mji wenyewe una duka moja. Pesa inasaidia, haimalizi.

Majimbo yanajaribu. Kansas walianzisha mwaka 2006 mpango wa mikopo kwa wanafunzi wachache kila mwaka: unasoma Kansas State, kila mwaka wa mkopo unaulipa kwa mwaka mmoja wa kazi kwenye kaunti ndogo, zile zenye watu wachache. Ukitimiza, deni linafutwa. Ukikimbia, unalipa na riba. Nadhani hii ni pesa ya jimbo yenye akili kuliko kumwaga kwenye majengo.

Bwana Hesabu

Daktari, nani anafundisha hao wachache wa Kansas kama majengo hayapo?

Daktari Kwato

Haha, haya umenishika.

Mchoro wa Chaki

Mimi naona mnazunguka bure. Vyuo bora vya mifugo Marekani ni vya binafsi: Cornell na Pennsylvania. Havitegemei bunge lolote na vinaongoza. Serikali zijitoe, soko lifanye kazi.

Nyota ya Ames

Mchoro, mifano yote miwili uliyoleta inakupinga.

Cornell ni chuo cha binafsi, sawa, lakini chuo chake cha mifugo kilianzishwa na bunge la New York mwaka 1894, na mpaka leo ni sehemu ya mfumo wa umma wa jimbo. Cornell anakiendesha, New York inachangia. Ndiyo maana mkazi wa New York analipa ada pungufu.

Pennsylvania ndiyo kichekesho. Chuo cha umma pale ni Penn State, na hicho hakina shule ya madaktari wa mifugo. Yenye shule ni University of Pennsylvania ya Philadelphia, ya binafsi, tangu 1884. Kwa hiyo jimbo linampa pesa huyo wa binafsi kila mwaka, zaidi ya dola milioni 30, kwa sababu hakuna mwingine wa kuwafundishia madaktari wake. Soko lako liko wapi hapo?

Mchoro wa Chaki

Nimesahihishwa kuhusu Cornell. Lakini huoni kwamba hiyo ya Pennsylvania ni hatari? Pesa ya umma kwa chuo cha binafsi.

Pilipili Manga

Hatari ilishaonekana. Katiba ya Pennsylvania inataka theluthi mbili ya kura kupitisha pesa kwa taasisi isiyo chini ya jimbo moja kwa moja. Desemba 2023, baada ya rais wa chuo kile kuhojiwa bungeni Washington kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi na kisha kujiuzulu, pesa za shule ya mifugo zikapigiwa kura kwenye baraza la wawakilishi la jimbo na theluthi mbili haikupatikana. Mwenye ng'ombe wa maziwa Lancaster anajiuliza yeye kaingiaje kwenye ugomvi huo.

Kupe Mmoja

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hapa hata fahali naye kaumia.

Mama Wawili

Hiyo shule ya Pennsylvania ndiyo yenye ile hospitali ya farasi ya Kennett Square? Walipompeleka Barbaro?

Nyota ya Ames

Ndiyo hiyo, New Bolton. Barbaro alishinda Kentucky Derby 2006, wiki mbili baadaye akavunjika mguu kwenye mbio za Preakness. Walimhangaikia miezi minane, akaondoka Januari 2007.

Kupe Mmoja

Farasi kalazwa miezi minane, mimi jino moja tu nadaiwa mpaka leo. Ningezaliwa na kwato.

Mkamuaji wa Usiku

Ngoja niwarudishe zizini maana mnaongea kama watu wa ofisi.

Nakamua kwenye shamba la maziwa, zamu ya saa tatu usiku hadi alfajiri. Msimu wa baridi uliopita ng'ombe mmoja alizaa vizuri, ndama kasimama, sisi tunashangilia. Dakika kumi baadaye mfuko wa uzazi wote ukatoka nje. Anayejua anajua: linaning'inia kitu chekundu kikubwa kama gunia lililolowa, limejaa majani na mavi, na ng'ombe anataka kulala juu yake. Tunampigia daktari wa karibu, hapokei zamu tena, amestaafu. Wa pili yupo maili 70, barabara ina barafu.

Msimamizi wetu, mzee wa miaka sitini na kitu, akakimbia jikoni kwake akarudi na sukari. Akasafisha kwa maji ya uvuguvugu, akamwaga sukari juu ya ule mfuko, akaufunika kwa taulo. Nikadhani kachanganyikiwa. Kumbe sukari inavuta maji, uvimbe unapungua. Daktari alipofika, karibu saa mbili na nusu baadaye, binti mdogo tu, alitazama akasema "vizuri sana", akachoma sindano ya ganzi mgongoni, akaanza kuurudisha kwa ngumi, taratibu, kama unavyoingiza godoro kwenye foronya. Jasho linamtoka kwenye baridi ya chini ya sifuri. Ng'ombe alipona.

Nikamuuliza alisoma wapi. Alisoma kwa kiti cha mkataba, jimbo lake halina chuo. Eneo lote lile yuko yeye na mwenzake mmoja. Kwa hiyo mkisema viti ni ghali au rahisi, mimi namkumbuka yule binti tu.

Lori la Mchana

Mkamuaji nimesoma mara mbili. Nimempelekea binti yangu, kajibu kwa neno moja: "nataka". Mama yake kajibu kwa maneno mengi zaidi.

Sampuli Tatu

Habari wadau. Nafanya kazi maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya wanyama, siyo daktari, napokea mizigo. Kila asubuhi masanduku yanashuka: mirija ya damu, maziwa, vipande vya mapafu kwenye mifuko, siku nyingine kichwa kizima cha ndama kwenye barafu. Mnaongelea viti na ada, lakini mnasahau kwamba sehemu kubwa ya anachonunua jimbo ni hiki.

Mfano wenyewe ni wa Machi 2024. Ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Texas walikuwa wanapoteza maziwa, hamu ya kula hakuna, maziwa mazito ya njano. Paka wa mashambani wakawa wanakufa. Sampuli zikatumwa mpaka Iowa State, maabara ya chuo, na huko ndiko walikokuta virusi vya mafua ya ndege kwenye maziwa. Tarehe 25 mwezi huo huo serikali ya shirikisho ikatangaza. Hakuna aliyekuwa akitarajia mafua ya ndege kwenye ng'ombe.

Sasa niulize: maabara ile nani kaijenga? Bunge la Iowa mwaka 2018 liliidhinisha dola milioni 63.5 za kulipwa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya jengo jipya. Mlipa kodi wa Iowa kagundua ugonjwa wa ng'ombe wa Texas. Nebraska inanunua viti, sawa. Tahadhari ya namna hii utainunuaje kwa kiti?

Bwana Hesabu

Sampuli umeongeza kitu nilichokiacha. Lakini maabara siyo lazima iwe na chuo. Nebraska wana maabara yao ya uchunguzi pale Lincoln, chuo kamili hawana.

Sampuli Tatu

Kweli wanayo. Ila kuwa na maabara ni jambo moja, kuwa na watu kumi wa fani tofauti korido moja ni jambo lingine. Mtu wa ng'ombe anamwona mtu wa kuku kwenye chai, wanaongea. Hiyo haimo kwenye mkataba.

Mchoro wa Chaki

Basi kila jimbo lijenge lake? Tutaishia na vyuo 50 visivyo na walimu.

Jicho la Amarillo

Hapo ndipo mnapokosea wote, mnadhani uamuzi huu ni wa hesabu. Ni wa nani anamwogopa nani.

Texas walikuwa na chuo kimoja tu cha mifugo, Texas A&M, tangu 1916. Texas Tech walipotaka kufungua cha pili huku Amarillo, kwenye ng'ombe wenyewe, A&M walipinga waziwazi: hakuna haja, tuongezeeni sisi. Hoja zao nazo zilikuwa na namba nzuri. Mwaka 2019 bunge likatoa dola milioni 17.35 za kuanzia, mji wa Amarillo nao kupitia shirika lake la maendeleo ukaahidi mamilioni, na 2021 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Tena hawakujenga hospitali kubwa kama anavyosema Bwana Hesabu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanasambazwa kwenye zahanati za madaktari wa kawaida.

Kwa hiyo ile hoja ya hospitali siyo ukuta. Ni chaguo.

Daktari Kwato

Jicho, mfumo huo wa kusambaza upo, na unapunguza gharama. Lakini mimi napokea wanafunzi wa namna hiyo. Wiki nikiwa na kazi nyingi anajifunza mengi, wiki nikiwa kimya anajifunza kufagia. Hospitali ya chuo ina kesi za rufaa ambazo mimi sijawahi kuziona maishani.

Jicho la Amarillo

Na mwanafunzi wa hospitali ya chuo anaona kesi za rufaa kumi na hajui kutoa ndama aliyekwama. Ngoma droo.

Pilipili Manga

Mfano mwingine ni Utah. Miaka walikuwa wanapeleka wanafunzi chuo cha Washington State kwa mkataba, 2022 bunge lao likatoa dola milioni 18 waanzishe chuo chao Utah State. Wakati huo huo South Dakota, 2021, wameanza na Minnesota mpango kama wa Nebraska: miaka miwili nyumbani, miwili ugenini. Majirani wawili, matatizo yale yale, majibu tofauti. Kama ingekuwa hesabu tu wangepata jibu moja.

Bwana Hesabu

Siyo majirani, mkuu. Fungua ramani.

Pilipili Manga

Majirani wa kiroho. Endelea.

Mama Wawili

Kuna kitu hakijasemwa. Tuskegee ni chuo cha binafsi, cha kihistoria cha watu weusi, na shule yake ya mifugo ya tangu miaka ya 1940 ndiyo iliyofundisha sehemu kubwa ya madaktari weusi wa mifugo wa nchi hii. Kentucky inanunua pale viti viwili. Viwili! Watoto wetu wanaotazama huku na kule, watazame na huko.

Lori la Mchana

Dada asante, hilo sikulijua kabisa, nalipeleka kwa binti leo hii.

Ila wakuu, niliuliza ni ubahili, siasa au hesabu, mmenijibu "ndiyo". Jana nimempakia mzee mmoja ng'ombe wake 38, nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema jimbo linalipia barabara ya kumfikisha ng'ombe machinjioni, linashindwa vipi kulipia mtu wa kumfikisha akiwa hai. Halafu akaniuliza kama binti yangu anapenda Nebraska au anapenda ng'ombe. Sikuwa na jibu.

Kupe Mmoja

Muulize bibi mifugo mwenyewe.

Daktari Kwato

Lori, mwambie majira ya joto atafute shamba au daktari wa ng'ombe akae naye wiki nane. Kamati za udahili zinaangalia hayo, na yeye atajijua. Akirudi bado anataka, basi tena.

Kalamu Kavu

Nimechelewa, nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mkamuaji wa Usiku, ile sukari ni kiasi gani? Nina mbuzi.

Mkamuaji wa Usiku

Kwa ng'ombe yule ulikwenda mfuko mzima. Kwa mbuzi sijui, na kwanza mpigie daktari.

Kalamu Kavu

Yupo maili 90.